Breki za nyuma zinasumbua? Tafuta chanzo kabla ya kununua shuu

Magari mengi ya zamani yanayotembea Uganda, kuanzia Corona na Carina hadi Raum na Spacio, yana diski mbele na ngoma nyuma. Sheria ya 2018 iliyozuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haikuyaondoa barabarani yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo ngoma tutaendelea kuzifungua. Diski unaiona kupitia matundu ya rimu, lakini ngoma ni chungu kilichofunikwa, na kinachoungua ndani hukijui mpaka moshi utoke.

Ukimpelekea fundi wa kando ya barabara gari ukamwambia breki za nyuma ni mbovu, kwa kawaida atafanya moja kati ya mawili: atakaza kebo ya hendibreki, au atakutuma dukani ukalete shuu mpya, yaani zile nusu duara zenye nyama ya msuguano zinazobana ngoma kwa ndani. Yote mawili yana wakati wake. Lakini shuu zikiisha upesi, au zikiisha upande mmoja tu, kuna kitu kilichozimaliza, na kitu hicho kitazimaliza na mpya. Na kukaza kebo, kama tutakavyoona, mara nyingi ndiko kunakoanzisha ugonjwa.

Pedali inashuka sana kabla ya kushika

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa magari haya, na kabla ya kuinua gari unaweza kulichunguza ukiwa kwenye kiti. Simama mahali tambarare, injini ikiwa inawaka. Kanyaga breki mara moja, uangalie pedali imeshuka hadi wapi. Achia. Sasa vuta hendibreki, halafu kanyaga tena.

Kama safari hii pedali imeshika juu zaidi, umepata jibu: shuu za nyuma ziko mbali na ngoma. Hendibreki imezisogeza karibu, kwa hiyo mafuta hayakuhitaji kuzisukuma safari ndefu. Hapo tatizo si hewa wala masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga. Ni ajasta, kifaa kinachoziweka shuu karibu na ngoma.

Kama hendibreki haikubadilisha kitu, pampu pedali haraka mara tatu au nne. Ikipanda lakini inabonyea kama sponji, kuna hewa kwenye mfumo. Ikipanda, ikashika vizuri, kisha ikaanza kuzama polepole chini ya mguu wako, mafuta yanapita mahali yasipopaswa kupita. Fungua boneti utazame kopo la mafuta ya breki. Kiwango kikipungua siku hadi siku, yanavuja nje. Kisipopungua na pedali bado inazama, raba za ndani ya masta zimechoka na mafuta yanarudi nyuma humo humo. Usishtuke kama kiwango kimeshuka kidogo tu kwa miezi mingi. Pedi za mbele zikiisha, pistoni zake hutoka nje zaidi na kubaki na mafuta mengi zaidi nyuma yake.

Kuvuja nje nako si lazima uone tone chini ya gari. Silinda ya gurudumu, ile inayosukuma shuu, ikivuja, mafuta hukusanyika kwanza ndani ya ngoma, yakalowesha shuu, ndipo baadaye yachirizike upande wa ndani wa tairi. Pitisha mkono huko. Kama vumbi letu jekundu limegeuka uji mweusi pale kati ya bamba la nyuma (chuma kinachofunika ngoma upande wa ndani) na tairi, usiendelee na safari yoyote.

Sasa turudi kwenye ajasta. Ni chuma chembamba chenye skrubu na gurudumu la meno, kilichokaa kati ya shuu mbili. Nyama ya shuu inapoisha, kijilimi kidogo huzungusha yale meno, na ajasta hurefuka ili shuu zibaki karibu na ngoma. Kwenye baadhi ya magari kazi hiyo hufanyika ukikanyaga breki huku unarudi nyuma. Kwenye mengine ni pale unapovuta na kuachia hendibreki. Mwenye gari la otomatiki anayeegesha kwa P peke yake, mwaka mzima hajagusa hendibreki, huenda hajawahi kuipa ajasta yake nafasi ya kufanya kazi. Ongeza matope ya msimu wa mvua yaliyokaukia ndani, na skrubu inashika kutu moja kwa moja.

Hapa ndipo kebo inapoingia. Shuu zikiwa mbali na ngoma, hendibreki nayo hupanda juu sana. Fundi anaona mkono wa hendibreki umepanda, anakaza kebo, mwenye gari anafurahi. Lakini mkono mdogo ulioungana na shuu ndani ya ngoma sasa haurudi kwenye kituo chake cha kupumzikia. Umevutwa nusu wakati wote, kwa hiyo kijilimi cha ajasta hakina tena mwendo wa kutosha kurukia jino linalofuata. Shuu zinaendelea kuisha, pengo linapanuka, pedali inashuka zaidi. Baada ya miezi kadhaa unaambiwa masta imekufa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu siku zote: legeza kebo kabisa, rekebisha shuu kwa ajasta, na kebo uiguse mwisho.

Gurudumu moja linachemka

Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya nyuma bila kuigusa. Tofauti kubwa ya joto kati ya kulia na kushoto ina maana. Wengi hudhani lenye joto ndilo bovu, na mara nyingi ni kweli, lakini kuna wakati lenye joto linafanya kazi ya mawili kwa sababu mwenzake hashiki kabisa. Inua gari uzungushe yote mawili kwa mkono, hendibreki ikiwa imeachiwa.

Neno juu ya kuinua. Kazi ya breki za nyuma inakulazimu uachie hendibreki, yaani umeondoa kitu kinacholizuia gari lisitembee. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, gia ya kwanza au P inasaidia kwa kuwa ya mbele yako chini. Kwa Hilux au Hiace inayosukumwa nyuma haisaidii lolote ukishainua nyuma. Ziba magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao au mawe makubwa, mbele na nyuma ya tairi. Kwenye udongo wa marram weka ubao mpana chini ya jeki, na gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki, si juu ya tofali. Tofali letu la udongo hupasuka bila kuaga. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya mbavu ya gari kama bima ya mwisho. Na kama kiwanja chako kina mteremko, kama viwanja vingi vya Kampala, tafuta kwingine.

Gurudumu linalokataa kuzunguka lipime hivi: legeza kidogo nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa iliyo nyuma ya bamba. Mafuta yakiruka nje na gurudumu likawa huru, presha ilikuwa imefungiwa ndani. Mara nyingi ni mpira wa breki, yaani bomba laini linalopitisha mafuta, uliovimba kwa ndani. Kwa nje unaonekana mzima, lakini umekuwa mlango wa upande mmoja, unapitisha presha ya mguu wako ukikanyaga na haurudishi. Kama magurudumu yote yanakwama kwa pamoja, tazama kama pedali ina mchezo kidogo juu kabla haijaanza kusukuma. Masta isiporudi hadi mwisho haiachii presha.

Kama gurudumu bado ni gumu baada ya kufungua nipo, tatizo ni la vyuma. Chomoa kebo ya hendibreki upande huo. Gurudumu likiachia, kebo imeoza ndani ya ganda lake. Hii ni kawaida sana kwa magari yaliyotumika karibu na ziwa au yanayovuka maji ya barabarani kila mvua, na grisi ya kupaka kwa nje haiiponyi, nunua nyingine. Kama bado halijaachia, fungua ngoma: pistoni ya silinda imeganda, springi ya kurudisha shuu imekatika au imelegea, au mtu aliyepita hapo kabla yako alifunga springi kwenye tundu lisilo lake.

Mteremko ukiisha, breki nazo zimeisha

Anayeshuka kutoka Kapchorwa kwenda Mbale, au kwenye milima kati ya Kisoro na Kabale, atazijua hizi aina mbili za woga, na ni muhimu kuzitofautisha.

Ya kwanza: pedali ni ngumu, iko juu, unaikanyaga kwa nguvu zote, na gari linaendelea kwenda. Hapo nyama ya shuu na pedi imepata joto kupita kiasi ikapoteza mshiko. Ikipoa hurudi. Dawa ni kushuka na gia ndogo toka mwanzo wa mteremko, si katikati. Kwenye otomatiki weka 2 au L na uzime overidraivu.

Ya pili: pedali inakuwa laini na kuzama, kisha baada ya kusimama na kupoa inarudi kuwa nzuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo mafuta ya breki yalichemka. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 hivi. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa kuwa yakipoa kila kitu kinaonekana sawa, fundi wa Mbale atajaribu breki na kukwambia hakuna ugonjwa. Uliza mafuta yalibadilishwa lini. Kama yana rangi ya chai nyeusi, hilo tu linatosha. Yamwage yote, weka mapya kutoka kopo lililofungwa, si chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki kwenye rafu ya gereji.

Na tafadhali, mafuta ya injini, ya gia, ya usukani, hata mafuta ya taa, hayaingii kwenye kopo la breki, hata kwa dharura. Raba za mfumo huu huvimba zikiguswa na mafuta hayo, na utalazimika kubadilisha kuanzia masta hadi silinda za magurudumu yote manne. Maji kidogo yangeleta hasara ndogo zaidi, ingawa nayo sikushauri.

Sauti

Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, unaoisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, ni kutu nyepesi juu ya ngoma. Achana nao. Kusaga kwa chuma kunakoendelea kila ukikanyaga ni nyama iliyoisha; kila siku unayoongeza unachimba ngoma, na ngoma ni ghali kuliko shuu. Mlio mwembamba wa kukereza kwenye shuu zenye nyama nyingi mara nyingi ni vumbi lililojaa, au ile miinuko midogo ya bamba la nyuma ambamo shuu huteleza imekauka. Isafishe, paka grisi ya joto kali, kidogo tu, isifike kwenye nyama.

Kutetemeka ni jambo jingine. Kwenye barabara tupu na iliyonyooka, mwendo wa kilomita 30 hivi, vuta hendibreki taratibu huku umeshikilia kitufe. Kiti kikitikisika, ngoma zimepoteza umbo la duara. Kisipotikisika, na ukikanyaga pedali usukani unacheza, tatizo ni diski za mbele, na hukuwa na sababu ya kufungua nyuma.

Ngoma iliyopoteza duara inaweza kuchongwa, lakini tazama kwanza maandishi yaliyochongwa juu yake: kipenyo cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Ngoma ya milimita 200, inayotumika kwenye Toyota nyingi ndogo, kwa kawaida hukomea 201. Yaani una milimita moja tu ya kuchezea, na mwenye mashine kabla yako huenda ameshaitumia. Pima kabla ya kuchonga, hata kama fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, anakuhakikishia kwa macho.

Ngoma imekataa kutoka

Hakikisha hendibreki imeachiwa. Tazama uso wa ngoma: Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi, ya bolti za M8. Ingiza bolti mbili, zikaze kwa zamu nusu mzunguko kila moja, ngoma itajisukuma nje. Ikigoma, gonga uso wake kati ya zile stadi (bolti) za gurudumu, usigonge ukingo, ukingo hupasuka. Kama inacheza lakini haitoki, shuu zimechimba shimo na ukuta wa ngoma umezishika. Toa kizibo cha raba nyuma ya bamba, sukuma kijilimi cha ajasta pembeni kwa bisibisi nyembamba, na kwa bisibisi ya pili rudisha meno. Bila kusukuma kijilimi utapigana na meno hayo mpaka jua lizame.

Ikishatoka, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu nyingine za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kuzitambua kwa kutazama. Lowesha kwa maji ya sabuni, osha kwa brashi, acha maji yatiririkie kwenye beseni.

Kisha inua pembe za kofia za raba za silinda. Unyevu kidogo sana ni wa kawaida; mafuta yakitiririka, silinda imekwisha. Kuna vifurushi vya raba pekee, na ni rahisi, lakini vinafaa tu kama ukuta wa ndani unang'aa bila vishimo. Ukiona kishimo hata kimoja, badilisha silinda nzima. Kwa Hilux na Hiace nusa: mafuta mazito yenye harufu ya salfa ni ya difu (gia za ekseli ya nyuma), na kinachovuja ni sili ya ekseli.

Shuu zilizolowa, iwe mafuta ya breki au grisi, ni za kutupa. Najua zinavyooshwa kwa petroli na kuwashwa moto kando ya barabara. Mafuta yamezama ndani ya nyama. Zikipata joto yatatoka tena, na shuu hiyo itateleza au itauma ghafla upande mmoja, gari livute au gurudumu lifunge. Nyama iliyobaki milimita 1 imefika mwisho. Mpya huwa na kama 4. Badilisha pande zote mbili pamoja hata kama moja ingali nzuri.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, au duka la mjini kwako, beba shuu ya zamani mkononi. Muuzaji atakwambia, "Mzee, gari lako nalijua, chukua hizi tu." Mshukuru, kisha linganisha upana, mkunjo na kila tundu. Gari la jina moja linaweza kuwa na ngoma ya milimita 200 au ya 228.6.

Umefunga vyote, na sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo

Pedali imezidi kushuka kila siku: inawezekana umebadilishana ajasta za kulia na kushoto. Nyuzi zake zimechongwa kinyume, kwa hiyo ajasta iliyowekwa upande usio wake hujifupisha badala ya kurefuka. Ndiyo sababu unafungua upande mmoja kwa wakati, mwingine ubaki umefungwa kama kielelezo. Kumbuka tu kuwa ni kama kioo, mbele ya huku ni mbele ya kule, si kulia kwa kulia.

Pedali imekwenda hadi sakafuni na mafuta yamejaa chini: mtu amekanyaga breki ngoma ikiwa nje, pistoni zikaruka. Mwambie kila mtu nyumbani, watoto hasa, asikae kwenye kiti cha dereva.

Pedali ni sponji: hewa. Kama uligusa silinda, toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ambalo kwa gari letu la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Msaidizi akanyage polepole, si kupampu kwa fujo. Funga nipo kabla hajaachia. Kopo lisikauke katikati ya kazi, la sivyo unaanza upya. Mafuta yaliyotoka yasirudi kwenye kopo.

Hilux inafunga magurudumu ya nyuma ikiwa tupu: kuna vali karibu na ekseli inayopima mzigo kwa fimbo. Kama fimbo imepinda, vali hudanganyika. Hii mpe fundi mwenye vipimo.

Ngoma ikisharudi, zungusha ajasta mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha meno machache hadi lizunguke na kukwaruza kidogo kidogo. Kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa shuu zikae katikati, zungusha tena, rekebisha tena. Sasa ndipo ukaze kebo, mpaka hendibreki ishike kwa milio kati ya 5 na 9, ile "klik" unayoisikia ukiivuta. Kitabu cha gari lako kina namba kamili. Nati za gurudumu za Toyota nyingi hizi hukazwa kwa nyutonimita 103, kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limeshuka chini.

Jaribu kwanza uani, mwendo wa kutembea kwa miguu. Halafu barabara tulivu: punguza mwendo taratibu mara kumi hivi, ukiacha nafasi ya kupoa kati yake, bila kusimama ghafla. Ukirudi, pima joto la rimu zote mbili, tazama kopo, na ukaze nati tena. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, pitisha mkono nyuma ya tairi zote mbili. Pakiwa pakavu, unaweza kwenda Kapchorwa.